Printa ya Jumatano

Printa ya parokia ya Kalangahan ilikuwa na mchana mmoja tu wa kufanya kazi katika wiki, nao ulikuwa wa Jumatano.

Asubuhi haikuwa na neno. Asubuhi ilichapa siku zote, kama mtu aliyelala vizuri akaamka na furaha yake. Taabu ilianza adhuhuri, pale kisiwa kizima cha Bohol, huko Ufilipino, kinapofunga milango, kikala, kikajinyoosha, na kompyuta ya ofisi nayo ikalala. Ukirudi saa nane ukaigusa ikaamka, ilikuwa imeshampoteza mwenzake. Printa haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa palepale juu ya kabati la vyeti, imefunikwa kitambaa cha kufuma, taa yake ya kijani inawaka. Lakini kompyuta ilishikilia maneno yaleyale kwa maandishi ya kijivu: printa haipo mtandaoni.

Isipokuwa Jumatano. Jumatano ungechapa saa nane, saa tisa, saa kumi, mpaka karatasi ziishe.

Na kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ya novena ya Mama wa Msaada wa Daima, watu wa Kalangahan hawakuhitaji maelezo zaidi. Madereva wa pikipiki zenye kibanda pembeni, ambao huegesha kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, walikuwa wameshaanza kuwashauri abiria.

"Unataka cheti cha ubatizo? Njoo Jumatano," alikuwa akisema Boyet, aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Siku nyingine anachapa Nang Basing. Jumatano anachapa Bikira Maria mwenyewe."

Nang Basing aliyasikia hayo dirishani na hakujua acheke au alie. Jina lake kamili lilikuwa Basilisa Lumayno, ila kila aliyekuwa mdogo kwake alimwita Nang, kwa heshima ya dada mkubwa, na siku hizi karibu kila mtu alikuwa mdogo kwake. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka thelathini kati ya hiyo aliimaliza sokoni akiuza kalamay, ule utamu wa wali na nazi unaofungwa ndani ya kifuu. Alipofika hamsini na tatu alijiandikisha masomo ya sekondari ya jioni, yaliyofanyika katika shule ya msingi, akakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, akamaliza sekondari. Kisha akajifunza kompyuta kwa Mwalimu Jocelle, binti wa miaka ishirini na sita aliyemwambia siku ya kwanza, "Mama, haiumi. Iguse tu."

Sasa alikuwa sekretari wa parokia. Au tuseme, alikuwa sekretari wa kujaribiwa. Baraza la parokia lilimpa miezi mitatu, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa. Siku hiyo wangeamua kama abaki, au nafasi apewe Kristel, mwenye diploma, mpwa wa Nang Purising.

Nang Purising ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili, akastaafu shule lakini hakustaafu ualimu mkuu. Miwani yake ilining'inia kwenye mnyororo kifuani, na alipoivaa watu walikaa wima.

Alhamisi, saa nane na robo, alimkuta Basing amepiga magoti mbele ya kabati.

"Unaiabudu au unaitengeneza?"

"Natafuta waya wake wa umeme kama umelegea, Nang."

"Umelegea?"

"Haujalegea."

"Kwa hiyo bado."

"Bado kidogo, Nang."

"Kidogo ya jana au kidogo ya leo?" Nang Purising akakaa kwenye kiti cha wageni, akajipepea na bahasha. "Basing, mimi sina ugomvi na wewe. Kalamay yako nimeila miaka mingapi? Sijawahi kuumwa tumbo. Lakini kalamay ni kalamay, na kompyuta ni kompyuta."

"Ndiyo, Nang."

"Kesho baraza linakaa saa nane na nusu. Tunataka ratiba ya novena ya sikukuu. Uichape hapa hapa, mbele yetu. Nisije nikaambiwa ulikwenda kuchapia mjini."

"Itachapwa, Nang."

"Kesho ni Ijumaa," Nang Purising alikumbusha, akainuka. "Si Jumatano."

Alipotoka, Basing alirudi mezani kufanya alichokuwa akifanya kila mchana wa miezi miwili. Aliifuta printa kwenye orodha ya kompyuta kana kwamba imekufa, halafu akaiamuru kompyuta itafute upya. Kompyuta ilitafuta, ikazunguka, ikafikiri, na hatimaye ikaitambua printa kama mgeni ambaye haijapata kumwona. Kazi hiyo ilimla dakika arobaini kila siku. Ikimalizika, printa ilichapa jioni yote, ikachapa na kesho yake asubuhi, mpaka adhuhuri ifike tena.

Alikuwa ameshampigia fundi wa mjini. Fundi alimjibu huku anatafuna kitu. "Shida ni usingizi, mama. Usiiache ilale." Basi Jumatatu moja alibadilisha mpangilio, akaiacha kompyuta macho kabisa, akaenda kwake kula. Aliporudi aliikuta imelala fofofo.

"Nimeilaza mimi," alisema Nong Teryo kwa fahari. Nong ni kaka mkubwa, kama Nang alivyo dada, na Teryo alikuwa sakristani, mzee wa miaka sitini na minane mwenye kaptura iliyobana na roho isiyobana. "Umeisahau inawaka, maskini. Nikabonyeza pale ulipobonyezaga wewe. Sote tunapumzika saa hizi, yenyewe imekosa nini?"

Ungemgombezaje mtu kama huyo? Basing alimshukuru, akaanza zile dakika arobaini.

Lakini alikuwa na daftari. Mwalimu Jocelle aliwafundisha kuandika kila kitu wanachokiona kwenye kioo, hata kama hawakielewi. "Andikeni tu, akina mama. Siku moja kitasema." Kwa hiyo kila mchana alipoitafuta printa upya, Basing alinakili kila kilichotokea, pamoja na namba ndogo iliyojitokeza karibu na jina la printa. Hakujua ya nini.

*

Kila alfajiri kabla ya misa Basing alikaa benchi la tatu, upande wa Mtakatifu Yosefu, akaipitia siku ya jana saa kwa saa kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Hapa nilimshukuru Mungu. Hapa nilimsahau. Hapa nilimjibu mtu vibaya. Alifundishwa na mama yake, ambaye hakujua kusoma, naye Basing hakuwahi kuacha hata mwaka ule nyumba yao ilipoanguka katika tetemeko.

Ijumaa hiyo alianza kwa kusema ukweli. "Bwana, naogopa. Naipenda kazi hii kuliko inavyostahili. Sikuombi muujiza wa Ijumaa, Mama yako ana Jumatano yake na inatosha. Nionyeshe tu kitu ambacho nimekiangalia nisikione."

Kisha akachambua. Saa mbili, alifungua ofisi. Printa ilikuwepo, ilichapa vyeti viwili.

Hapo akasita. Kompyuta ilikuwa imelala usiku kucha. Tangu jioni mpaka saa mbili asubuhi, saa kumi na nne za usingizi, na ilipoamka ilimwona mwenzake mara moja. Sasa iweje usingizi wa usiku kucha usidhuru, na usingizi wa saa mbili na nusu za mchana uue?

Akaendelea taratibu. Saa tano na nusu, alikwenda nyumbani. Saa nane, alirudi. Alifungua mlango, na... hapo nilimkuta nani, nilisema nini? Hakumkuta mtu. Alikuta harufu ya wali. Wali mpya, wa moto, unaotamanisha hata mtu aliyeshiba. Hakushukuru kwa harufu hiyo. Hata hakuifikiria, kwa kuwa ilikuwepo kila siku.

Kila siku? Jumatano je?

Jumatano Nong Teryo hakuwepo. Jumatano ilikuwa siku ya gulio, naye alikwenda kula kwa dada yake anayeuza samaki wakavu, asirudi mpaka saa ya novena. Jumatano ofisi ilinukia karatasi tu.

Basing alifungua daftari palepale juu ya mapaja, chini ya taa ya Mtakatifu Yosefu. Jumatatu, namba ya printa ilikuwa tano. Jumanne, tisa. Jumatano aliandika: haikuhitaji kutafutwa, namba bado tisa. Alhamisi, nne. Akafunua wiki ya nyuma, na ya nyuma yake. Namba zilirukaruka kila mchana kama mbuzi, ila Jumatano zilitulia.

Akakumbuka Mwalimu Jocelle akiwa ubaoni jioni ile ya mvua, amechora kisanduku chenye mapembe mawili. "Hiki kisanduku cha mtandao ni kama mtu anayekaa mlangoni. Kila anayeingia anampa namba: simu, kompyuta, printa. Cha bei rahisi, kama changu, ukikizima kinasahau wote. Ukikiwasha kinaanza kugawa upya, na anayewahi ndiye anapata."

Kwa hiyo mtu alikuwa anakizima kisanduku. Mtu mwenye mchele.

Kicheko kilimponyoka kanisani. Bibi mmoja wa benchi la mbele aligeuka akamtazama kwa jicho kali. Basing aliinamisha kichwa, akaficha uso mikononi, mabega yanatikisika, na yule bibi akadhani analia, akamwonea huruma.

*

Saa tano na nusu alijifanya anakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya kanisa, akarudi ofisini kwa mlango wa sakristia, akakaa kwenye kiti nyuma ya kabati la majoho, rozari mkononi. Hakuwa amemaliza fungu la kwanza mlango ulipofunguliwa.

Nong Teryo aliingia akiimba kwa sauti ya pua. Kwapani amekumbatia sufuria yake ya umeme ya kupikia wali. Aliitazama kompyuta, akailaza. Kisha akainama kwenye soketi ya ukutani, ile pekee iliyobaki nzima tangu tetemeko, yenye plagi za kompyuta, printa na kisanduku cha mtandao, akachomoa ya kisanduku kwa upole, kama mtu anayemvua mtoto kiatu.

"Nong Teryo."

"Yesu, Maria na Yosefu!" Mzee aliruka, mfuniko ukaanguka ukazunguka sakafuni. "Basing! Unataka nife kabla sijala? Leo Ijumaa, hakuna nyama, nina choroko jikoni!"

"Unafanya nini na kisanduku hicho?"

"Kipi, hiki? Nakipumzisha." Alisema kwa mshangao wa mtu asiye na kosa. "Kompyuta imelala, wewe umekwenda, mtandao anautumia nani? Na jikoni kwangu soketi ilikufa. Nikimaliza nakirudisha kabla hujaja. Sijawahi kukisahau hata siku moja. Wewe umewahi kukikuta hakiwaki?"

"Sijawahi."

"Ahaa. Sasa kosa liko wapi?"

Basing alimweleza. Alimwonyesha daftari, namba ya Jumatatu na namba ya Jumanne. Alimwonyesha dirishani, ambako madereva walikuwa wamejilaza ndani ya vibanda vyao, miguu nje, simu vifuani. Neno la siri la mtandao lilikuwa jina la Mtakatifu Visenti, somo wa parokia, na wote walilijua kama Baba Yetu.

"Ukikirudisha tu, simu zao zinaamka kabla ya printa. Zinagombania namba. Boyet anaweza kuondoka na namba ya printa mfukoni. Kompyuta ikiamka, inaikumbuka printa pale ilipoiacha, inakwenda kugonga mlango uleule, na anayefungua ni Boyet."

Nong Teryo alimtazama Boyet anayekoroma. Kisha akaitazama sufuria yake. Uso wake ulianza kushuka kidogo kidogo.

"Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili Purising anakutukana, na ni wali wangu?"

"Hajanitukana."

"Amesema kompyuta ni kompyuta. Nimesikia, nilikuwa nafagia." Akaokota mfuniko, akaifunika sufuria. "Basi leo sipiki. Nitakula choroko tupu. Au nitafunga, ni Ijumaa."

Basing aliiangalia ile plagi. Ingekuwa rahisi. Asipike leo, kisanduku kisizimwe, printa ichape saa nane na nusu, na baraza liende nyumbani limeridhika. Lakini umeme wa Kalangahan wenyewe ulikatika mara mbili tatu kwa mwezi, na hiyo ni bila wali wa mtu yeyote. Na zaidi ya hapo, angekuwa amewadanganya. Sekretari anayejua kuzuia wali si sekretari anayejua printa.

"Hapana," alisema. "Utapika. Lakini kwanza kirudishe, unisaidie. Nataka printa iwe na namba yake yenyewe, ambayo hainyang'anywi na mtu."

"Inawezekana?"

"Mwalimu alisema inawezekana. Sijawahi kufanya."

Alifanya ishara ya msalaba, akaondoa kitambaa cha kufuma. Printa ilikuwa na kioo kidogo kuliko kadi ya sala, na macho ya Basing hayakuwa tena ya binti. Nong Teryo alivaa miwani, akakisoma kwa sauti kama anayesoma waraka misani.

"Mipangilio. Karatasi. Wino. Mtandao."

"Hapo. Ingia mtandao."

"Nimeingia. Anwani: otomatiki."

"Hiyo ndiyo inayotuua. Iweke kwa mkono."

"Kwa mkono. Inaniuliza namba, Basing! Niipe namba gani?"

Basing aliangalia daftari. Kisanduku kiligawa kuanzia namba ndogo: mbili, tatu, nne. Hata madereva wote wa kisiwa wangekuja, wasingefika mbali. "Mwisho kabisa weka mia mbili. Huko nyuma hakuna mtu."

"Kama benchi la mwisho kanisani."

"La mwisho kanisani limejaa madereva. Weka mia mbili."

Walikosea mara moja, wakatoka, wakaingia upya. Walikosea mara ya pili, kwa sababu kidole cha Nong Teryo kilikuwa kinene na kilibonyeza mbili kwa pamoja. Kisha Basing akakaa kwenye kompyuta, akaifuta printa ya zamani kwenye orodha, na safari hii hakuiambia itafute. Aliiandikia namba mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, akisema moyoni Salamu Maria kila alipobonyeza. Karatasi ya majaribio ilitoka. Walitazamana.

"Sasa chomoa," Basing alisema. "Pika wali wako."

Mzee alichomoa, akachomeka sufuria. Akailaza na kompyuta pia, kwa adabu, kama siku zote. Walikula pamoja juu ya gazeti, wali na choroko na samaki mkavu mmoja waliogawana. Basing hakukumbuka ladha yake. Saa nane kasorobo Nong Teryo alirudisha plagi, na kabla taa za kisanduku hazijamaliza kuwaka, mlango ulifunguliwa.

Nang Purising alikuwa ametangulia, na nyuma yake baraza zima, watu saba, na paroko, Padri Melchor, akiwa na kifuu cha kalamay mkononi.

"Tumewahi," Nang Purising alisema. Alinusa hewa. "Kuna mtu amepika?"

"Karibuni," Basing alisema. Hakuwa amejaribu tangu plagi irudi. Hakuwa amepata hata dakika moja ya kujaribu.

"Haya, sekretari. Ratiba."

Basing alikaa. Aligusa kompyuta, ikaamka. Alifungua ratiba ya novena, akabonyeza. Maandishi yalijitokeza kwenye kona ya kioo, ya kijivu, yaleyale. Printa haipo mtandaoni.

Nang Purising alivaa miwani. Chumba kilikaa wima.

"Subirini kidogo," alisema Nong Teryo toka ukutani. "Kisanduku bado kinapiga miayo."

"Teryo, nani amekuuliza?"

"Hakuna, Nang. Nasema tu."

Basing alitazama taa. Ya kwanza iliwaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu iliwaka, ikazima, ikawaka, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nje, simu ya Boyet ililia mlio wa ujumbe, halafu ya mwingine, halafu zote kwa pamoja, na Boyet akasema kwa usingizi, "Mtandao umerudi." Simu zilikuwa zimeingia kabla. Zilikuwa zinajigawia namba.

Chukueni, Basing alisema moyoni. Chukueni zote mnazotaka.

Maandishi ya kijivu yalififia. Juu ya kabati, kitu kilikohoa, kikajivuta, na karatasi ya kwanza ikatoka ikiwa na picha ya Mtakatifu Visenti juu yake, kidole ameinua.

Nyingine zikafuata, moja moja, mpaka ya tisa.

"Leo ni Ijumaa," alisema mjumbe mmoja polepole.

"Ni mimi!" Nong Teryo alishindwa kuvumilia. "Ni wali wangu! Miezi yote ile ni wali wangu!"

"Wali?" Nang Purising alivua miwani. "Teryo, umekunywa?"

Basi ikabidi Basing aeleze tena, toka soketi mpaka Boyet, na safari hii alieleza vizuri zaidi, kwa kuwa hakuwa anaogopa. Alionyesha daftari. Padri Melchor alianza kucheka alipofika kwenye gulio la Jumatano, akacheka mpaka akalazimika kuweka kalamay mezani.

"Kwa hiyo," alisema yule mjumbe, na kweli alikuwa na huzuni, "Bikira Maria hakuhusika?"

Wote walimtazama Basing. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, ingawa alikuwa amekaa nalo tangu alfajiri benchini.

"Mimi sijui," alisema. "Ila ingekuwa kila siku inaharibika, nisingejua kamwe. Nilijua kwa sababu ya Jumatano. Sasa nani alikuwa anampeleka Nong Teryo sokoni kila Jumatano, miezi miwili, bila kukosa?"

"Samaki wa dada yangu," alisema Nong Teryo.

"Nyamaza, Teryo," alisema Nang Purising, lakini mdomo wake ulikuwa unahangaika. Alichukua ratiba yake, akaisoma toka juu mpaka chini kama anayesahihisha mtihani, kidole kikifuata kila mstari. Kilipofika mstari wa mwisho kikasimama.

"Hapa kuna kosa."

Moyo wa Basing ulisimama nacho.

"Imeandikwa 'Imetayarishwa na', halafu wazi. Umetayarisha wewe, sivyo?"

"Nilikuwa sijui, Nang, kama kufika sikukuu nitakuwa..." 

"Kristel ana diploma," Nang Purising alisema, akiwageukia wenzake. "Namjua, nilimlipia mimi. Angenunua printa mpya wiki ya kwanza, na Teryo angeendelea kupika." Alirudisha karatasi mezani. "Jaza jina. Jina lote, na chini yake 'Sekretari wa Parokia'. Kisha chapa upya, hizi tisa zitakuwa za kufungia kalamay."

Hakuna aliyepiga kura. Padri Melchor alikuwa ameshaanza kugawa vijiko.

Basing aliandika jina lake. Ilimchukua muda, kwa kuwa herufi zilikuwa zinaogelea mbele ya macho.

Jioni hiyo alichukua moja ya zile karatasi tisa, akaandika chini ya picha ya mtakatifu, akaibandika ubavuni mwa printa, asije mtu akasahau: MIA MBILI. USIBADILISHE. Boyet aliiona alipokuja kuomba maji. Hakuuliza ni ya nini. Namba iliyobandikwa chini ya picha ya Mtakatifu Visenti, kwenye mashine iliyopona siku isiyokuwa yake, ilimtosha. Kesho yake madereva wote wa Kalangahan waliicheza katika bahati nasibu ya tarakimu tatu, na wote wakakosa.

"Nimewaambia nini kuhusu kamari?" Basing aliwafokea dirishani.

"Msimsikilize," Nong Teryo aliwanong'oneza akipita na sufuria yake kwapani. "Mmecheza Jumamosi. Mngesubiri Jumatano."